Kisu cha porini kimekatika: dukani, kiwandani, kwa fundi au ununue kingine?

Kisu cha porini kikikatika, wengi wetu hapa Dar es Salaam hufanya moja kati ya mambo mawili. Tunakitupa kwenye droo na kukisahau, au jioni hiyo hiyo tunakipitisha kwa kijana anayechomelea mageti. Yote mawili ni hasara. Kisu kilichonunuliwa kwa pesa nzuri huenda bado kina haki yake, kwa aliyekiuza au kwa aliyekitengeneza, na haki hiyo hupotea mara tu grinda inapokigusa.

Njia zilizopo kwa mtu wa hapa mjini ni nne: kurudi dukani, kukituma kiwandani kwa waranti, kumpa fundi, au kununua kingine. Msimamo wangu nautoa mapema. Usiamuliwe na maneno "waranti ya maisha" yaliyochapwa kwenye boksi. Tazama kisu kimekatika wapi, kiligharimu shilingi ngapi, na safari ya kukirudisha kilikotoka itakula kiasi gani. Na utaratibu una uzito sawa na uamuzi wenyewe: muuzaji kwanza, kiwanda baadaye, fundi mwisho. Ukianza na fundi, wale wawili wa mwanzo wana haki ya kukuambia kisu kimeshachezewa.

Soma kwanza pale kilipokatika

Usivigonganishe vile vipande viwili kuona kama bado vinalingana. Kila ukivisugua unafuta ushahidi. Vikaushe, vipeleke penye mwanga mzuri wa asubuhi, utazame uso wa chuma ulioachana.

Uso wote ukiwa mpya na wa rangi moja, kisu kimekatika kwa mara moja, kwa nguvu moja kubwa. Lakini ukiona sehemu yake imekuwa nyeusi au imeshika kutu na iliyobaki ni safi, ujue ufa ulikuwepo kabla ya siku ile. Huenda ulianzia kiwandani, bapa lilipotolewa motoni na kuchovywa kwenye mafuta. Picha ya uso wa namna hiyo ina nguvu kuliko barua yoyote utakayoandika. Angalia pia punje za chuma. Chuma kilichopikwa vizuri kina uso wa kijivu, laini, na jicho halioni punje. Kilichopitishwa kwenye moto mkali kupita kiasi kina punje kubwa zinazometa kama chumvi ya mawe, na kisu cha aina hiyo huvunjika hata kwa kazi ndogo.

Halafu tazama mahali. Ncha iliyokatika kwa kawaida inamsema mtumiaji: kisu kimetumika kama mtaimbo, kufungua kopo la rangi au kubandua chaza kwenye mwamba. Bapa lililokatika shingoni, pale linapokutana na msuka (kile kipande kinachozama ndani ya mpini), linaweza kumsema mtengenezaji. Kona kali isiyo na mviringo kati ya bapa na msuka hukusanya nguvu yote ya pigo mahali pamoja, na ufa huanzia hapo. Ndiyo maana visu vyenye msuka mpana unaofika mwisho wa mpini huvumilia kupasulia kuni kuliko vyenye msuka mwembamba.

Mpini uliopasuka au kuwa wa kunata ni jambo jingine, na hapa kwetu lina sababu ambayo wengi hawaifikirii. Dawa za mbu zenye DEET hula baadhi ya plastiki na mpira. Ukijipaka mikononi usiku wa kambi kule Pugu kisha ukashika kisu, unakipaka na chenyewe. Hiyo haidaiwi popote. Kutu nayo hivyo hivyo: kisu cha chuma cha kaboni kilichokwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kupakwa mafuta kitashika kutu, na hakuna kiwanda kitakachokubali kuwa hilo ni kosa lake.

Ukishasoma, piga picha: kisu kizima pande zote mbili, uso wa mkatiko kwa karibu ukiwa na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, maandishi na alama zilizogongwa kwenye bapa, na risiti. Baada ya picha ndipo upake mafuta kidogo ili kutu isiendelee.

Kurudi dukani

Kama ulinunua Kariakoo, Posta au kwenye duka la vifaa vya kambi hapa mjini, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote na gharama yake ni nauli. Udhaifu wake ni kwamba inakufaa tu kisu kikiwa bado kipya.

Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyopigwa muhuri kwenye risiti yasikurudishe nyumbani. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inahesabu kuwa muuzaji anayeshughulika na bidhaa za aina hiyo anakuuzia kitu chenye ubora unaokubalika sokoni, hata kama hamkuandikiana. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, nayo ina sehemu juu ya masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mkataba wa mlaji, na nyingine juu ya wajibu wa mzalishaji. Kuna mpaka, lakini. Kasoro ambayo ungeiona ulipokikagua kisu kaunta ni vigumu kuidai baadaye, na ukikaa nacho muda mrefu unahesabiwa umekipokea. Ufa wa ndani uliojitokeza wiki ya kwanza ya matumizi ya kawaida ni dai zuri. Ncha iliyokatika baada ya mwaka siyo.

Risiti ya EFD ni muhimu, na ile karatasi hufutika yenyewe kwa joto la Dar. Ipige picha siku ya kununua. Dukani nenda asubuhi kabla msongamano haujaanza, na mtafute mwenye duka. Kijana wa kaunta hana mamlaka ya kukubadilishia. Salamu kwanza, kisu mezani, picha kwenye simu. Omba ubadilishiwe, kwa sababu kurudishiwa fedha ni mazungumzo marefu zaidi na wenye maduka wengi hawayapendi. Ikishindikana, na kisu kina thamani ya kufuatilia, malalamiko ya walaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Tume hiyo hiyo ndiyo inayosimamia vita dhidi ya bidhaa bandia, jambo linalotuleta kwenye hatari ya njia inayofuata.

Kukituma kiwandani

Hapa ndipo penye ahadi kubwa kuliko zote na ndipo penye mitego mingi.

Waranti za viwanda vikubwa zinafanana kwa jina, lakini ndani zinatofautiana sana. Buck ya Marekani inaahidi kisu kisicho na kasoro ya chuma wala ya kazi kwa maisha yote ya kisu, na inasema wazi kuwa visu vyake havikutengenezwa viwe nyundo, patasi, mtaimbo wala bisibisi. Victorinox ya Uswisi nayo inatoa dhamana isiyo na mwisho kwa kasoro za chuma na za utengenezaji, lakini vifaa vya umeme vilivyomo kwenye baadhi ya visu vyake vina miaka 2 tu. Leatherman, wenye yale makoleo yenye visu ndani, wanatoa miaka 25. ESEE, watengenezaji wengine wa visu wa Marekani, wamekwenda mbali zaidi: kisu kikivunjika wanatengeneza au wanabadilisha, na hawadai kuwa wewe ndiye mnunuzi wa kwanza.

Tofauti hiyo ya mwisho ina maana kubwa hapa Dar kuliko inavyoonekana. Visu vingi vya porini tulivyo navyo tumevipata mikononi mwa watu: mtalii aliyemaliza safari ya Kilimanjaro akamwachia mpagazi, mjomba aliyerudi kutoka ughaibuni, mtu anayeuza vitu vyake kabla ya kuhama. Waranti inayomfuata mnunuzi wa kwanza mwenye risiti ni karatasi tupu kwa wote hao. Inayofuata kisu chenyewe ina thamani. Ukinunua cha mtumba, uliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Hakikisha pia kisu ni cha kweli. Kiwanda kikipokea bandia hakitakupa chochote. Tazama maandishi ya bapa kama yamegongwa kwa usafi, na linganisha na picha za kiwanda. Buck, kwa mfano, tangu 1986 hugonga alama ndogo karibu na namba ya kisu inayoonyesha mwaka kilipotengenezwa, na alama hiyo hukusaidia kuthibitisha umri wa kisu hata risiti ikiwa imepotea.

Sasa safari yenyewe. Andika barua pepe kwanza, utume zile picha, na uliza mambo matatu: je, wanaweza kuamua kwa picha bila kukipokea kisu, je, wanatuma kisu kipya Tanzania au ndani ya nchi yao tu, na je, kisu cha zamani watakirudisha. Swali la kwanza linaweza kukuokolea gharama yote. La pili lazima ulijue mapema, maana viwanda vingine havitumi nje kabisa. La tatu lina uzito kama kisu ni cha marehemu baba au babu. Kiwanda kinachobadilisha kinaweza kukibakisha kile kibovu, na huwezi kukidai tena.

Ukilazimika kukituma, linganisha njia tatu. Kampuni za kusafirisha haraka hufikisha kwa siku chache, lakini kwa kisu cha bei ya kawaida nauli yake kwenda Marekani huzidi bei ya kisu chenyewe. EMS ya Shirika la Posta ni nafuu, inachukua muda mrefu zaidi, na ina namba ya kufuatilia. Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote: ndugu au rafiki anayesafiri. Anakiweka kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, bapa likiwa limefungwa kwa boksi gumu na gundi, akifika anakituma kwa posta ya huko ndani ya nchi. Kisiwe kwenye begi la mkononi hata kidogo. Pale uwanja wa Julius Nyerere kitachukuliwa wakati wa ukaguzi na hadithi itaishia hapo. Na kama ndugu yako anakwenda Uingereza, mwambie akitoe kwenye begi siku ya kwenda posta tu. Sheria ya huko haimruhusu mtu kutembea hadharani na kisu cha bapa lisilokunja bila sababu ya msingi.

Kwa posta, jaza fomu ya forodha, CN22 au CN23, kwa ukweli: kisu kimoja, kimevunjika, kinarudishwa kwa mtengenezaji kwa waranti. Tunza nakala yake pamoja na barua pepe za kiwanda. Kisu kipya kikirudi bila karatasi hizo, forodha itakiona kama bidhaa iliyonunuliwa nje, na utajikuta unaelezwa kuhusu ushuru na VAT ya asilimia 18 kwa kitu ulichopewa bure. Anwani nayo iandikwe vizuri: S.L.P., mtaa, namba ya simu yenye +255. Fomu nyingi za nje zimejengwa kwa ajili ya nyumba zenye namba, na kifurushi kisicho na simu kinaweza kukaa Posta bila wewe kujua.

Ukilinganisha na duka, basi: duka hukupa jibu siku hiyo hiyo kwa kisu kipya chenye risiti, na kiwanda hukupa jibu baada ya wiki au miezi kwa kisu cha umri wowote. Kwa kisu cha bei ndogo, hata waranti nzuri kuliko zote hailipi nauli, na mtu asikufanye ujisikie mjinga kwa kuiacha. Kwa kisu cha bei kubwa kilichokatika shingoni kikiwa na ufa wa zamani, kuiacha ni kuwaachia watu fedha yako.

Kumpa fundi

Mafundi wa chuma wa Gerezani, na wale wa karakana za SIDO kule Vingunguti, wanaweza kukifanyia kisu mambo ambayo kiwanda cha mbali hakitakufanyia kwa wiki nzima. Lakini kuna jambo moja wasilifanye, na ndilo wanaloombwa kila siku: kuchomelea bapa lililokatika.

Sababu ni hii. Bapa la kisu lina kaboni nyingi. Ugumu wake ulipatikana kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto dogo, kwa vyuma vingi vya kawaida karibu na nyuzi 200. Moto wa kuchomelea unayeyusha chuma, yaani nyuzi 1,500 hivi. Pembeni ya kiungo chuma kingine kinakuwa kigumu kupita kiasi na kupasuka kikipoa, na kingine kinalegea. Kisu kitaonekana kizima mezani. Kitakatika tena mkononi mwako siku unayokiegemea kwa nguvu, na safari hiyo kinaweza kukukata.

Anachokiweza fundi, na anakiweza vizuri, ni kurudisha ncha. Kisu kilichopoteza sentimita moja au mbili za mbele ni kisu kizima kilichofupishwa. Mwambie aondoe chuma upande wa mgongo, aushushe ukutane na makali, na makali yenyewe asiyaguse. Mwombe aweke ndoo ya maji karibu na achovye kila baada ya kupitisha. Simama naye, tazama rangi. Chuma kikianza kuwa na rangi ya majani makavu kimefika nyuzi 220 hivi. Kikigeuka buluu kimefika karibu 300, na sehemu hiyo imepoteza ugumu wake. Fundi mwenye haraka atakwambia buluu itaondoka kwa msasa. Rangi itaondoka kweli, lakini ugumu haurudi. Mtu mwenye subira na tupa au jiwe la kunolea ana thamani kuliko mwenye mashine kubwa. Ukimwambia kwa heshima, "Fundi, twende taratibu, sina haraka," na ukamlipa muda wake, utapata kazi nzuri.

Kazi ya pili anayoiweza ni mpini. Na hapa Dar inaweza kushinda ya kiwanda. Wachonga vinyago wa Mwenge wana vipande vya mpingo vinavyobaki kwenye kazi zao. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba unazama majini. Ukikatwa vibamba viwili, ukafungwa kwenye msuka mpana kwa misumari ya shaba na gundi ya epoksi, mpini wake utadumu kuliko plastiki iliyoliwa na dawa ya mbu.

Ya tatu ni kukufulia kisu kipya kutoka kwenye springi ya gari. Chuma cha springi ni kigumu na hakivunjiki kirahisi, na kwa kupasulia kuni kinafaa sana. Ila springi ya zamani imekunjwa na kukunjuka mara nyingi barabarani, na inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Mwombe fundi achague kipande kilicho mbali na tundu la katikati na mbali na palipochakaa, kisha muulize atakipozaje na atakipasha tena vipi baada ya hapo. Asiyekuwa na jibu la swali hilo atakupa ama kisu kinachokunjika, ama kinachokatika kama kile ulichomletea.

Kununua kingine

Kwa kisu cha bei ndogo, hii ndiyo njia sahihi na haihitaji maelezo mengi. Visu vya Mora vya Uswidi ni mfano mzuri: bei yake ni ya chini kuliko nauli ya kuvituma popote. Kwa mtu wa baharini, wa Kigamboni au wa uvuvi, chukua chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kwa mtu wa msitu wa Kazimzumbwi na kuni, chuma cha kaboni chenye msuka mpana. Na kama kazi yenyewe ni madafu na kupasua nazi, nunua panga. Visu vingi vya porini ninavyoviona vimekatika vilikuwa vinafanya kazi ya panga.

Kisu cha kukunja, na jibu la hapana

Kisu cha kukunja ambacho kufuli yake imelegea kinahitaji uamuzi wa peke yake. Kisitumike hata siku moja wakati unasubiri, kwa sababu bapa hujikunja kuelekea vidole. Usimpe fundi wa mtaani agonge kufuli, maana kazi yake inapimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Kiwanda au kisu kingine, basi.

Kiwanda kikikataa dai lako, usikubali kimya. Omba waeleze kwa maandishi wameona nini kwenye chuma, na uwatumie tena picha ya ufa wa zamani kama ipo. Viwanda vingine, hata vikikataa waranti, hukubali kutengeneza kwa malipo madogo au kukuuzia kipya kwa punguzo ukiomba. Wakishikilia msimamo, omba kisu chako kirudishwe kama kilivyo, bila kuguswa. Kikifika, ndipo sasa ukipeleke Gerezani.